Mchunga Usio Mchungu

Sisi wa Chinyelele, nje kidogo ya Mpwapwa, mchunga tumeuzoea kama tulivyozoea vumbi. Unaota shambani bila kupandwa, unaota katikati ya njia, unaota hata juu ya kaburi la mtu ambaye enzi za uhai wake hakuupenda. Majani yake yamechongoka pembeni, ukiyakata yanatoa maziwa, na ua lake la manjano linafunguka asubuhi na kujifunga mchana kama duka la ushirika. Tena ni mchungu. Uchungu wake ndio mboga yenyewe. Mama zetu huuchemsha, wakamwaga maji, wakauchemsha tena, wakatia karanga za kusaga, na bado ukimeza unakunja uso. Mtu akiugua homa anapewa mchunga. Akiumwa tumbo, mchunga. Akirudi kutoka mjini na maneno mengi, mchunga.

Kwa hiyo siku Noeli Mazengo alipoajiriwa kuulinda, hakuna aliyeamini.

Noeli alikuwa mtu mrefu, mpole, wa umri wa kupewa shikamoo na karibu kila mtu. Alikuwa amejaribu kazi nyingi na zote zilimwacha kabla hajaziacha. Alichunga ng'ombe wa watu mpaka wakauzwa. Alichimba visima ambavyo mpaka leo tunatupia taka. Kwenye kwaya yetu aliimba sauti ya nne, mimi nikisimama kando yake, na hata huko kuna wakati mwalimu wa kwaya alimwomba afungue mdomo tu asitoe sauti. Binti yake Loisi aliolewa Nkuhungu, Dodoma mjini, na nyumbani walibaki wawili, yeye na mkewe Tereza, mwanamke mfupi, mwepesi wa kucheka na mwepesi zaidi wa kukasirika.

Masika yalikuwa yameanza vizuri mwaka huo. Asubuhi moja Noeli alikuta gari jeupe limeegeshwa mpakani mwa shamba lake, na mtu aliyevaa vizuri amepiga magoti kwenye udongo, anatafuna majani. Alikuwa Dakta Octavian Anyitike, mtafiti wa mboga za porini, ambaye kwa wiki kadhaa alikuwa akipita shamba kwa shamba akionja kila kilichoota, kama mbuzi aliyesoma.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umepoteza nini?"

"Sijapoteza, mzee. Nimepata." Akamnyooshea jani. "Hebu tafuna hili."

Noeli alitafuna. Akasimama akiungoja uchungu kama mtu anayengoja basi la Kibakwe. Akatafuna tena. Akameza.

"Haujaja," akasema.

"Na hautakuja!" Dakta akaruka juu. "Mzee, huu ni mchunga usio mchungu! Unajua maana yake?"

"Utakuwa unaumwa," Noeli akasema kwa huruma, akiutazama mmea.

Dakta alimweleza kwamba mchunga usio mchungu ungeliwa hata hotelini, hata na watoto wa mjini wanaolia wakiona mboga ya kijani. Noeli alisikiliza kwa adabu. Moyoni alijiuliza nani angetaka mchunga usio mchungu, kwa sababu kwake ilikuwa sawa na kutaka chumvi iliyotolewa chumvi. Lakini Dakta alikuwa na haraka na furaha, na hao wawili wakikutana ndani ya mtu mmoja, mtu huyo hakatazwi jambo. Kabla jua halijapanda alikuwa amezungushia ule mmea mmoja ua wa fito na waya, akamvisha Noeli kofia, akampa filimbi na mabuti ya mvua, akamwambia posho itaingia kwenye simu.

"Kazi yako ni moja tu, mzee wangu," akasema akiwa tayari ameshika usukani. "Linda ua."

Gari likaondoka.

Siku ya kwanza ya kazi, Noeli alisimama wima kando ya ua tangu asubuhi, filimbi mdomoni. Adui anayejulikana alikuwa mmoja: mbuzi wa Bi Antonia, mjane jirani yake, ambao kijiji kizima kiliwaogopa. Mmoja wao alikuwa amekula kandambili yangu ya kulia wiki hiyo hiyo. Walikuja kundi zima. Noeli akavuta pumzi. Beberu akapenyeza kichwa katikati ya fito, akaunusa mchunga, akatulia, akapiga chafya, akageuka akaenda kula mfuko wa plastiki.

Noeli aliumia sana. Aliniambia mwenyewe jioni ile kwenye mazoezi ya kwaya: "Nimeajiriwa kuzuia, na wanaozuiwa hawataki."

Hata hivyo alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Aliwahi kabla ya jua kuchomoza vizuri, kwa sababu hakutaka ua lifunguke naye hayupo. Alilitazama likijifungua pole pole, petali moja baada ya nyingine, akalisalimu "Mbukwenyi" kama anavyosalimiwa Mgogo yeyote mwenye heshima zake, akakaa kwenye kigoda. Mchana lilipojifunga, na yeye alifungua chakula chake.

Ndipo kijiji kilipoanza kubadilika. Kitu kinacholindwa hakikosi thamani, na kama thamani haionekani watu huitafuta wenyewe. Wako waliosema chini ya ule mchunga kuna madini. Wengine walisema ni dawa ya kuongeza umri, ndiyo maana mbuzi wameukataa, mbuzi hana haja na umri. Habari ilipofika Kongwa ilikuwa imeshageuka, ikawa kwamba mchungaji wa Chinyelele amewekewa uzio na analindwa na mtu mwenye filimbi. Mchungaji wetu alipata tabu kidogo. Walikuja waumini na kuku kumtembelea, wakashangaa kumkuta yuko huru, anamwagilia nyanya.

Mwenyekiti wa kitongoji, Ebenezer, mtu aliyependa sana mikutano, alimwondoa Noeli kwenye mkeka wa wananchi akamketisha kwenye benchi la mbele, pamoja na mwalimu na mhudumu wa zahanati. "Huyu sasa ni mtu wa miradi," akatangaza. Noeli akakaa na mabuti yake. Akasikiliza jinsi watu wa benchi wanavyozungumza, na lugha ile ikamwingia. Siku moja nyumbani alimega ugali, akautazama, akasema:

"Mama Loisi, ugali wa leo una changamoto."

Tereza akaivuta sahani. "Basi subiri mchakato," akasema, na sahani akaenda nayo nje.

Masika yakaisha. Jua letu mnalijua, halina aibu. Nyasi zikageuka rangi ya ngozi ya simba, mashina ya uwele yakakatika, na asubuhi moja Noeli akafika na kusalimia, na hakuna kilichofunguka. Mchunga ulikuwa umekauka mpaka chini. Palibaki kikonyo kama kijiti cha kuchokolea meno.

Alipanda juu ya kichuguu, mahali pekee penye mtandao, akampigia Dakta.

"Daktari! Ua limekauka!"

"...sikusikii, mzee... niko kwenye kikao..."

"Nasema ua limekauka! Limekufa!"

"...vizuri sana... endelea tu... linda ua..."

Simu ikakatika. Noeli akashuka kwenye kichuguu amechanganyikiwa. Kama mtu ameambiwa ua limekufa na bado anasema linda ua, basi huenda tangu mwanzo hakumaanisha ua lenye petali. Huenda alimaanisha ua wa fito. Akamwendea Mwalimu Joshua, anayefundisha Kiswahili shule ya msingi, akamkuta anasahihisha madaftari.

"Mwalimu, nisaidie. Mtu akikwambia linda ua, unalinda lipi? Au unalinda upi?"

Joshua aliweka kalamu chini. Lilikuwa swali la kwanza la sarufi kuletwa kwake na mtu mzima kwa hiari. "Alisema ua hili, au ua huu?"

"Alisema ua tu."

"Hakuongeza chochote? Langu, wangu, zuri, mzuri?"

"Hakuongeza. Alikuwa anawasha gari."

Mwalimu akatikisa kichwa kama daktari mbele ya mgonjwa wa siku nyingi. "Basi kisarufi, mzee wangu, unalinda vyote viwili mpaka itakapotolewa kauli nyingine."

Kwa hiyo Noeli akaendelea. Kiangazi kile alilinda ua wa fito uliozunguka udongo mtupu, na alipoulizwa alijibu kwamba yuko kazini kisarufi. Kisha mchwa wakaingia. Mchwa wa Chinyelele hawajali filimbi. Walianza fito za upande wa mashariki wakamalizia magharibi, na waya ukalala chini kama kamba ya mtu aliyekwisha anua nguo. Sasa hakukuwa na ua wala ua. Noeli alikuja vile vile, kofia kichwani, akaketi kwenye kigoda akitazama ardhi.

Tereza alivumilia kwa muda wake. Siku moja alimpelekea uji wa uwele, akasimama mbele yake na mikono kiunoni.

"Baba Loisi. Unalinda nini?"

Noeli alifikiri. "Mahali," akasema.

"Mahali pamefanya nini?"

"Hapajafanya kitu. Keti, Mama Loisi." Akampisha kwenye kigoda, yeye akachuchumaa. Akanywa uji, halafu akasema, bila kumtazama: "Maisha yangu yote watu waliniambia niondoke. Ondoka na ng'ombe, ondoka kisimani, ondoka mstari wa mbele. Huyu Dakta ni wa kwanza kuniambia nibaki."

Tereza hakuinuka. Waliketi pale pamoja mpaka kivuli cha mgunga kikawahama, wawili wakiangalia udongo. Tangu siku hiyo hakumuuliza tena, na mtu mwingine akimcheka mumewe mbele yake alijuta.

Mvua za Desemba zilipokuja, Chinyelele yote ikafunikwa na mchunga. Ulichipua kila mahali isipokuwa pale alipokuwa ameketi Noeli. Pale palitoka mbigili tu.

Lakini mzizi wa mchunga ni msafiri, huenda chini kwa chini na kuchungulia unakotaka wenyewe. Noeli alilijua hilo kama sisi sote. Swali lilikuwa ni mchunga upi kati ya yote ndio wake, maana kwa macho ni ndugu pacha. Ilibaki njia moja. Alipiga magoti kwenye mbigili akaanza kuonja. Jani la kwanza lilikuwa chungu. La pili chungu. Alisonga mbele kwa magoti akikunja uso, akitema, akifuta machozi, akichuma tena. Waliokuwa wakienda kisimani walisimama kumtazama. Ebenezer alifika mbio akidhani mzee amepata kifafa.

"Noeli! Una nini?"

"Niko kwenye tathmini," Noeli akajibu, ulimi umekufa ganzi.

Kabla ya adhuhuri alikuwa amekula mchunga mbichi kuliko mgonjwa yeyote katika historia ya kijiji. Aliwahi kuniambia kwamba kuanzia katikati ya shamba hakuwa tena na uhakika kama ana mdomo. Akafika kwenye mlango wa zizi la mbuzi la Bi Antonia, katikati kabisa ya njia, akachuma jani, akatafuna, akangoja. Akamwita mkewe kwa sauti ambayo kwenye kwaya hatukuwahi kuisikia.

Tereza akaja, akatafuna kwa makini. "Huu hauna maana yoyote," akasema.

"Ndio wenyewe!" Noeli akamkumbatia mbele za watu.

Bi Antonia alitoka zizini na ndoo. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuita mbuzi kutoka mlima wa pili, na hakupenda kukumbatiana.

"Baba Loisi, ondoa kigoda chako mlangoni mwangu."

"Siwezi, dada. Ua limehamia hapa."

"Limehamia? Limepata uhamisho?"

"Serikali nzima imehamia Dodoma, dada yangu," Noeli akasema kwa upole. "Ua lishindwe kuvuka njia?"

Bi Antonia akaitua ndoo. Akaenda kumshitakia mwenyekiti. Ebenezer akaitisha mkutano, na mkutano ukakaa mchana kutwa. Kuung'oa mchunga haikuwezekana, ni mali ya mradi. Kuhamisha zizi haikuwezekana, Bi Antonia alikuwa ameshika fimbo. Mwisho ikaamuliwa kwamba ujengwe ua mpya, wa miti ya mgunga ambayo mchwa hawaipendi, uzunguke mchunga na mlango wa zizi kwa pamoja. Mbuzi wangepita ndani ya ua huo kwenda malishoni, na Noeli angewafungulia na kuwafungia.

Nilisimama mkutanoni nikauliza kama tumesikia vizuri: kwamba tunaweka mbuzi ndani ya ua ili kulinda mmea dhidi ya mbuzi. Ebenezer akasema hoja yangu ni nzuri na itashughulikiwa kwenye mkutano mwingine.

Tukajenga. Ua ukatoka imara, mzuri, hata Bi Antonia akaupenda kimya kimya, kwa sababu fisi alikuwa amemla mbuzi wake mmoja mwaka uliopita. Mbuzi walipita kando ya ule mchunga asubuhi na jioni bila hata kuutupia jicho. Mchunga ukanawiri, ukatoa ua, ua likawa pamba, pamba ikapeperuka, likatoka ua lingine. Noeli alikuwa na furaha isiyo kifani. Alijifunza majina ya mbuzi wote.

Basi ikaja simu kwamba wageni wa mradi watafika Chinyelele kujionea maendeleo. Ebenezer hakulala. Njia ilifagiliwa, viti vya plastiki viliazimwa kanisani, soda zikawekwa ndani ya mtungi zipoe, na kwaya tukatunga wimbo ambao kiitikio chake kilikuwa "Ua, ua, karibuni muone ua," tukiutumaini wimbo kuliko maelezo. Noeli alisafisha mabuti mpaka yakawa meusi upya.

Aliyeshuka garini hakuwa Dakta Octavian. Alikuwa msichana mwembamba mwenye mtandio wa bluu, Shamila Faridi, afisa mpya wa mradi, mzaliwa wa Kondoa, pamoja na dereva wake Denis aliyebeba kamera. Dakta, akatueleza, alikuwa amekwenda kusoma ng'ambo. Alimwachia miradi mingi na maelezo machache. Kuhusu sisi aliachiwa maneno mawili tu, mradi wa ua.

Shamila alisikiliza wimbo, akapiga makofi, kisha akageuka akaona ua wetu wa mgunga na mbuzi wa Bi Antonia wametulia ndani, wanene, wanacheua. Uso wake ukang'aa.

"Jamani, ua huu ni mzuri sana! Denis, piga picha. Nimetembelea vijiji vingi, sijaona ua uliojengwa hivi. Na mbuzi wamepokeaje?"

"Wamepokea vizuri," Bi Antonia akajibu haraka, akipita mbele. "Tangu mradi uje hakuna fisi."

Ebenezer alielewa kinachotokea, akaamua kutokielewa. Alianza kutoa hotuba juu ya faida za ua kwa mfugaji wa kisasa. Sisi wanakwaya tulitazama chini. Noeli alisimama langoni, kofia mkononi. Angenyamaza, mambo yangekwisha salama. Lakini alikuwa ameketi na lile ua misimu miwili.

"Samahani, mheshimiwa," akasema. "Mimi silindi ua huu. Nalinda ua hili."

Mwalimu Joshua, nyuma kabisa, alitikisa kichwa kwa kuridhika.

"Ua lipi, babu?" Shamila akauliza.

Noeli akaanza kusimulia. Kwa heshima aliinamisha macho chini kama afanyavyo akizungumza na wakubwa, akaeleza tangu Dakta alivyopiga magoti mpakani, na beberu aliyepiga chafya, na kiangazi, na mchwa, na namna alivyoutafuta kwa ulimi. Alizungumza kirefu na vizuri, bila mchakato hata mmoja. Shamila aliguswa. Akaingia ndani ya ua, akachuchumaa akiegemea nguzo, akasikiliza kwa moyo wote, na vidole vyake, ambavyo vilikulia Kondoa nyuma ya mama yake akichuma mboga, vikashuka vyenyewe mpaka chini, vikachuma jani. Akatafuna. Akachuma lingine. Sisi tuliona. Tereza alininong'oneza, "Mwambie!" nikashindwa, kwa sababu nani humkatiza afisa? Jani baada ya jani, na Noeli anasimulia huku anatazama mabuti yake, na hadithi ilipofika mahali pa kumkumbatia mkewe, Shamila alifuta chozi, akalikata na shina lenyewe, akalimung'unya na ua lake.

"Hadithi nzuri sana, babu," akasema kwa sauti nzito. "Sasa hilo ua liko wapi?"

Noeli akanyoosha kidole. Kidole kikaonyesha kisiki kidogo, kinavuja maziwa meupe.

Kila mtu akatazama kisiki. Kisha kila mtu akautazama mdomo wa Shamila. Alikoma kutafuna.

"Mbona..." akasema pole pole, "mbona huu mchunga hauna uchungu?"

"Ndiyo sababu unalindwa," Noeli akajibu.

Shamila akashika kifua. "Mungu wangu. Nimekula mradi!"

Denis dereva aliweka kamera chini. Kwaya nzima ikawa inakohoa.

"Usijali, binti," Ebenezer akasema kwa wema wa kweli. "Kwa hapa kwetu wewe si wa kwanza."

Msichana wa watu alikuwa karibu kulia. Alisema ataandika, atajieleza, hata kama ni kufukuzwa afukuzwe. Lakini Noeli alikuwa hamsikilizi. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamtazama usoni kwa namna ambayo sikuwahi kuiona, na nilidhani atamlaani. Akauliza:

"Ulikuwaje?"

"Nini, babu?"

"Mchunga. Ulipokuwa unaula. Ulikuwaje?"

Shamila alifikiri, akapitisha ulimi kwenye meno. "Kusema ukweli," akasema, "ulikuwa mtamu."

Noeli alitabasamu mpaka masikio yakasogea. Mbuzi waliukataa, mkewe aliusema hauna maana, kijiji kizima hakikuona kazi yake. Mtu mmoja duniani alikuwa ameula mpaka shina, tena bila kuombwa. Akamwambia Shamila asiwe na shaka, mzizi upo, akamfungulia soda yeye mwenyewe.

Katika ripoti, Shamila aliandika kuhusu ua, bila kuongeza hili wala huu. Hivyo ndivyo alivyotuambia baadaye, na Mwalimu Joshua alimsifu. Mradi ukaleta waya na nguzo, kila mfugaji wa Chinyelele akapata ua wake, Bi Antonia akaitwa Mpwapwa mjini kuwafundisha wenzake, na Noeli akabaki mlinzi wa nyua zote. Shamila naye akija hakosi kupita kwa Tereza na kuomba kuchumiwa mafungu ya mchunga ule ule apeleke Dodoma.

Kilichotusumbua ni zile pamba zilizopeperuka. Sikumbuki ni nani aliyeanza kulalamika. Tulidhani ni karanga zimezidi, au maji yamebadilika. Masika ya mwaka uliofuata jambo likawa wazi: mchunga wa Chinyelele ulikuwa unapoteza uchungu. Watu wanapika, wanameza, uso haukunjamani. Wazee wakagoma kula. Mhudumu wa zahanati akapata wagonjwa wa tumbo wanaodai kwamba mboga haiwatibu tena. Wanawake walimpitia Noeli mmoja mmoja kumwambia alichofanya, naye aliwapa pole kila mmoja kwa dhati, maana yeye mwenyewe tangu utoto hakuweza kulala vizuri bila kukunja uso walau mara moja.

Siku hizi mama zetu huvuka korongo kwenda Isunhwa, kijiji cha jirani, kuchuma mchunga ulio mchungu. Juzi Tereza alikwenda, na Noeli akamfuata kumbebea kikapu. Walipofika ng'ambo walimkuta mama mtu mzima ameketi kwenye jiwe, fimbo mapajani. Jina lake Miriam.

"Mnatoka wapi?"

"Chinyelele," Tereza akasema.

"Kung'uteni nguo zenu kabla hamjaingia. Hatutaki mbegu zenu huku."

Tereza alitaka kumjibu, lakini Noeli alimgusa bega. Alimtazama yule mama namna alivyoketi, mgongo kwenye upepo, macho kwenye njia.

"Wanakupa posho?" akamuuliza.

"Wameahidi."

"Kigoda ni bora kuliko jiwe," akamwambia. "Jiwe litakuua kiuno."

Miriam alisema atawaambia wenzake. Tereza akafungua kitenge chake, akakikung'uta kwa hasira mara moja tu. Kikatoka kijipamba kimoja cheupe, kikasimama hewani kana kwamba kinafikiri, kisha upepo ukakichukua kuelekea mashamba ya Isunhwa. Miriam akaruka kutoka jiweni akapiga hewa kwa fimbo, akakikosa, akakikimbilia huku akipiga kelele. Noeli aliweka kikapu chini, akapandisha suruali, akaingia shambani kumsaidia kukimbiza.